Mafuta ya Ufuta Dirishani

Jumatatu, 4 Machi

Nesi amenipa daftari hili leo. Anataka niandike kila anachokula Mama, vijiko vingapi asubuhi, vingapi mchana, vingapi jioni, na kama amemeza au ametema. Nimemwambia mimi ni fundi rangi, napaka makabati na vitanda vya watu, kalamu niliiacha shuleni. Akasema, "Andika tu, kaka. Ukitaka kutukana, tukana humohumo, mradi vijiko nivione." Basi nimeanza.

Mama ana kilo arobaini na sita. Kabla ya kiharusi alikuwa sitini na kitu. Mkono wa kulia haufanyi kazi, mguu wa kulia vilevile, na maneno yote yamekwenda. Amebaki na mkono wa kushoto, macho, na sauti moja, "mm", ambayo ni ndiyo, ni hapana, na ni niletee maji. Nesi amesema akishuka chini ya kilo arobaini watamchukua wodini wampitishie mpira puani wa kumlishia. Mama alimuuguza shangazi yangu aliyekuwa na mpira huo. Siku moja alirudi kutoka kumwangalia, akatuweka chini mimi na Dada, akasema, "Mkija kunifanyia vile, sitawasamehe." Hakuwa mtu wa kutania mambo kama hayo. Kwa hiyo kazi yangu ni hiyo, asifike arobaini.

Asubuhi uji, vijiko tisa. Mchana kwa mkono wa Mama Pacha, jirani anayemwangalia nikiwa kazini, kumi na viwili. Jioni wali laini na mchicha, kumi na vinne. Amemeza vyote.

Jumatano, 6 Machi

Nesi kasema kila bakuli nitie kijiko cha mafuta, maana hapo ndipo nguvu ilipo. Akauliza tunatumia mafuta gani. Nikataka kucheka. Nyumba hii inajua mafuta ya ufuta tu. Ukileta mengine, Mama alikuwa akiyapokea kwa shukrani, kisha anayatumia kulainishia bawaba za mlango.

Alikuwa na sheria zake, akazirudia mpaka zikawa kelele tu masikioni mwetu. Mafuta mepesi ya ufuta mbichi ndiyo ya kupikia. Yale meusi ya ufuta uliokaangwa hayakai motoni, unayadondoshea chakula kikishaiva, matone matatu, la nne ni ulafi. Ukienda kununua usidanganywe na sura. Sugua tone kiganjani mpaka lipate joto, halafu nusa. Yakinukia kama mbegu zinaporukaruka kikaangoni, chukua. Yasiponukia, mwachie mwenyewe. Ukifika nyumbani, tia kwenye chupa ndogo nyeusi, ijae mpaka shingoni, funga, weka kabati la chini mbali na jiko. Na usimimine mapya juu ya ya zamani hata kama wa zamani ni wewe mwenyewe. Huo ulikuwa mzaha wake wa kila siku. Sisi tuliacha kuucheka tukiwa wadogo.

Jumamosi, 9 Machi

Mawingu yamekaa vibaya. Nimekwenda sokoni kwa Bwana Kinu kabla mvua haijaanza, kwa sababu ikianza hufunga mashine, ufuta wenye unyevu haukamuliki. Tunamwita Bwana Kinu ingawa kinu alikiuza siku nyingi. Nikamwambia anijazie dumu la lita tano.

"Dumu zima, fundi? Mama yako miaka yote ni chupa moja kila wiki mbili."

"Mama alikuwa na miguu ya kuja kila wiki mbili."

"Haya. Nusa kwanza."

Nikasugua tone kiganjani, nikanusa, nikatikisa kichwa kama mjuzi. Sikusikia harufu yoyote, ila nina mafua yasiyoisha, na mimi ni mtu wa rangi. Niliyainua kwenye mwanga, nikaona yametulia, safi, rangi ya asali changa. Rangi ile ungeweza kuipaka kitanda cha bibi harusi. Nikachukua.

Jumapili, 10 Machi

Leo nimefanya jambo la maana. Kitanda cha Mama kiko sebuleni, na kutoka pale alipolazwa anaona jikoni mpaka dirishani. Siku nzima anatazama nondo za dirisha. Nimetafuta chupa tano za kioo zenye midomo mipana, nikaziosha, nikamimina mafuta, nikazipanga kwenye ubao wa dirisha juu ya jiko. Vifuniko vilikuwa viwili tu, zile tatu nimezifunga vitambaa. Katika kabati la chini kulikuwa na chupa ndogo ya Mama ya kabla hajaugua, nayo nikaigawa humo humo ili isipotee. Ndiyo, najua sheria zake. Lakini mafuta ya kabatini atayaonaje?

Jua lilipopenya, jikoni pote pakawa na rangi ya dhahabu. Mama alitazama sana. Jicho lake la kushoto likatoa machozi. Nilijisikia mtoto mwema, na sijajisikia hivyo kwa miaka mingi.

Vijiko tisa, kumi na viwili, kumi na vitano.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Tisa, kumi na kimoja, kumi na viwili.

Jumatano, 20 Machi

Mvua, halafu jua kali la kukausha nguo kwa saa moja, halafu mvua. Saba, kumi, tisa.

Jumanne, 26 Machi

Mama ameanza kunyoosha mkono wa kushoto kuelekea dirishani. Kidole kinatetemeka lakini kinaelekea palepale, kwenye chupa. "Unataka mafuta?" nikamwuliza. "Mm." Nikamwongezea kijiko cha pili kwenye bakuli. Akala vijiko vinne, akageuza uso. Angalau ameomba kitu. Tangu Novemba alipougua hajaomba kitu ila maji.

Alhamisi, 28 Machi

Kilo arobaini na nne. Nesi amesoma daftari, akacheka pale kwenye habari ya bawaba, kisha akaacha kucheka. "Jioni anashuka, kaka. Unampa nini jioni?" Nikamwambia kilekile cha siku zote, na mafuta vijiko viwili badala ya kimoja. Akasema vizuri, niendelee.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Vinne, tisa, vitatu. Ananyooshea chupa mkono kila ninapoingia na bakuli. Nimetia vijiko vitatu vya mafuta, juu ya wali yakafanya kidimbwi. Akatema kwenye shuka.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimegundua jambo, na limeniuma. Hesabu ya mchana haishuki. Asubuhi na jioni, ninapomlisha mimi, vijiko vitatu, vinne. Mchana, Mama Pacha, tisa, kumi. Nikamwuliza leo anampa chakula kipi, maana mimi huacha sufuria imeshapikwa. Akaanza kuzungukazunguka. Mwisho akasema, "Fundi, nisamehe, chako huwa nakirudisha. Nampikia uji mtupu kwangu, bila mafuta."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Chako kina nguvu."

"Nguvu ndiyo anayoitaka nesi."

Akatazama ndala zake. "Kila nyumba na mapishi yake," akasema.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia sikumwomba aje kunifundisha kupika, kwamba uji mtupu ni maji, na kwamba kuanzia kesho ampe Mama chakula cha mwanawe au aache. Akasema sawa, kwa adabu ileile iliyonikera zaidi. Huyu mama ana mapacha wa miaka mitatu na bado anakuja kwangu kila mchana bila kulazimishwa na mtu. Nayaandika haya yote halafu hasira haipungui. Kinachoniuma si uji. Kinachoniuma ni kwamba Mama anakula kwa mgeni na mimi ananifungia mdomo.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Viwili, vitatu, viwili. Mchana nao umeshuka, sasa sina wa kumlaumu.

Ijumaa, 12 Aprili

Karakana imejaa maji mpaka kifundoni. Tumeinua vitanda vya wateja juu ya meza. Nimerudi mapema nikakaa na Mama. Nilimweleza habari za watu anaowajua, nani kaoa, nani kahama. Alinisikiliza vizuri kabisa. Nilipoinuka kwenda kuleta bakuli, uso ukabadilika.

Nilikuwa nikifikiri ananikasirikia kwa jambo fulani. Nimelitafuta. Nimepitia miaka yangu yote, na ninayo mambo ya kutosha: mke niliyemfukuza, Mama akiwa anampenda, sherehe ya Dada ambayo sikwenda, kauli niliyomtolea siku ya mazishi ya Baba. Mtu akikunyamazia unapata nafasi ya kujishtaki mwenyewe, na mimi mashahidi ninao wengi.

Jumatatu, 15 Aprili

Kilo arobaini na moja na nusu. Nesi hakucheka mahali popote. Amesema anahofia Mama ameamua. Nikauliza ameamua nini. Akasema wapo wazee wanaofika mahali wakaamua, na hakuna dawa yake, ila wodini watajaribu mpira. Nikamwambia mpira hapana. Akasema, "Basi ale, kaka."

Jumatano, 17 Aprili

Kimoja. Viwili. Kimoja.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Viwili. Sifuri. Kimoja. Mkono dirishani, mkono dirishani. Nikaichukua chupa yenyewe nikamwekea mapajani, nikasema, "Haya, Mama, ndiyo hii, nikufanyie nini zaidi?" Akaisukuma. Ikamwagikia blanketi. Nikafua blanketi kwenye mvua nikilia.

Jumatano, 24 Aprili

Nesi atayasoma haya. Asome.

Asubuhi nilipika uji nikautia maziwa, sukari na vijiko vitatu vya mafuta, nikasema leo ni leo. Nilikuwa sijalala vizuri siku nyingi. Nikakaa kitandani kwake, nikampelekea kijiko. Akafunga mdomo. Nikasubiri. Nikampelekea tena. Akageuza uso ukutani. Nikamwita Mama, nikamwita kwa jina la utoto ambalo hatulitumii tena, nikambembeleza kwa maneno aliyonibembelezea yeye nikiwa na surua. Akainua mkono wa kushoto, akanyoosha kidole dirishani, na nikaona dharau ndani yake. Haikuwepo. Niliiona mimi.

Nikamshika taya. Nilimshika kwa mkono huu ninaoandikia, kidole gumba upande mmoja na vidole vinne upande wa pili, kama ninavyoshika kopo la rangi lililogoma kufunguka, nikabana mpaka mdomo ukafunguka. Nikatia kijiko. Nikamziba. "Meza," nikasema. "Meza, wewe mwanamke, umenichosha." Nikatia cha pili. Cha tatu kikamwingia vibaya akapaliwa, macho yakamtoka, mkono wake wa kushoto ukanishika shati, kunivuta au kunisukuma, sijui lipi. Nikamwinua nikampiga mgongoni mpaka akatapika vyote, juu yangu na juu yake.

Kisha akalia. Jicho la kushoto tu ndilo linalolia, la kulia linatazama. Sikujua kwamba mtu anaweza kulia kwa jicho moja na ukashindwa kumkabili.

Mama Pacha alikuwa mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Alinipita, akachota maji, akamvua Mama nguo, akamwosha, akamvisha, bila kunitazama. Alipomaliza akasema, "Mpigie dada yako."

Mashavuni pana alama za vidole vyangu. Naziona kutoka hapa nilipokaa.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua. Sifuri, vitano (Mama Pacha, uji mtupu, sikusema kitu), sifuri. Nimempigia Dada. Anakuja Jumapili.

Ijumaa, 26 Aprili

Kilo arobaini na robo. Nesi ameona mashavu. Amesoma ukurasa wa Jumatano akiwa amesimama. Akasema angeweza kuniripoti, na kwamba huenda atafanya hivyo. Akaandika karatasi ya wodini, akaiacha mezani bila tarehe. "Mpaka Jumatatu, si hii ijayo, ile inayofuata," akasema. "Siku kumi. Zaidi ya hapo siwezi."

Jumapili, 28 Aprili

Dada alifika asubuhi, amelowa, begi moja. Ni fundi cherehani, ana duka lake mji mwingine, na hajakanyaga hapa tangu Desemba. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama, akaweka shavu lake juu ya shavu la Mama, wakakaa hivyo. Nikasema nitachemsha chai. Akanifuata jikoni, akasimama mlangoni.

"Nani kapaka rangi humu?"

"Rangi napaka karakana. Hapa napika."

"Mbona kunanuka rangi? Rangi ya kopo lililosahaulika wazi."

Akaingia. Akanusa sinki, akanusa kitambaa cha vyombo, akafika dirishani. Akafunua kitambaa cha chupa ya kwanza, kichwa chake kikaruka nyuma. Akafunua ya pili. Akafungua ya tatu, yenye kifuniko. Kisha akageuka, na nikaogopa kabla hajasema lolote.

"Mdogo wangu, Mama unampikia haya?"

"Anayapenda. Kila siku anayanyooshea mkono."

Akachota kidogo kwa kijiko, akanipa. "Nusa."

"Mafuta ya ufuta."

"Hujanusa, umetazama. Fumba macho. Yananukaje?"

Nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Nikasema nina mafua. Akaniuliza mafua haya yana muda gani, nikatafuta siku yalipoanza, sikuiona. Akanifunga macho kwa mtandio wake. Akaniletea kitu cha kwanza, nikasema maji. Cha pili, maji. Cha tatu nikasema, "Dada, unanichezea, ni maji tena."

Akanivua mtandio. Kwenye meza palikuwa na kitunguu kilichokatwa, sabuni ya kufulia, na kopo langu la tina ya kuzimulia rangi, wazi.

Miaka ishirini na mitatu ya tina na vanishi, bila kitambaa puani, kwa sababu kitambaa ni cha wanafunzi. Pua haikufa siku moja. Ingekufa siku moja ningejua. Ilikwenda kidogo kidogo na mimi nikaendelea kutikisa kichwa kama mjuzi. Chakula nilikuwa nasikia chumvi, sukari na pilipili, nikasema ndiyo uzee. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kilikuwa usoni.

"Haya yameharibika siku nyingi," Dada akasema. "Jua la dirishani, moto wa jiko chini yake, mvuke unaingia kwenye vitambaa. Ulichanganya na ya zamani?"

"Ili yasipotee."

"Unamtia vingapi?"

"Vitatu." Nikarudisha kijiko mezani. "Vitatu kila bakuli."

Akaomba daftari. Nilimpa. Alisoma yote, amekaa kwenye kigoda, chupa zikiwa juu ya kichwa chake. Alipofika tarehe ishirini na nne nilijua, kwa sababu kidole chake kilisimama. Hakunigombeza. Ningelipa chochote anigombeze.

Akaichukua chupa moja akaenda nayo kitandani. Nikafuata. "Mama," akasema, "ulipokuwa unanyoosha mkono, ulikuwa unamwambia ayamwage?"

Mama akafumba macho. "Mm," akasema, ndefu, mpaka pumzi ikaisha. Miezi hii yote nilikuwa naitafuta hiyo "mm" iliyo ndiyo, na nilipoisikia niliitambua hapohapo.

Nilikwenda nikamtafuta Mama Pacha. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Unaanzaje kumwambia mtu jikoni kwake kunanuka? Nilidhani ndivyo nyumba yenu mnavyopenda."

Jumatatu, 29 Aprili

Dada alimwaga zote tano nyuma ya nyumba, akatupa na chupa, maana harufu, anasema, haiachi kioo. Bwana Kinu amefunga mashine, lakini Dada akamfuata kwake, akarudi na chupa ndogo nyeusi ambayo yule bwana alikuwa amejiwekea. Dada akasugua tone kiganjani akampelekea Mama puani. Mama akakishika kile kiganja kwa mkono wa kushoto, akakilamba.

Dada akapika mchicha na wali laini, matone matatu juu. Mama akala vijiko kumi na kimoja. Nilikuwa nimesimama mlangoni nahesabu. Furaha ilinipanda mpaka nikamwomba Dada kijiko, nimpe cha kumi na mbili mimi.

Akafunga mdomo.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua inapungua. Tisa, kumi na viwili, kumi na vitatu, vyote mkono wa Dada. Mkono wangu sifuri. Bakuli lilelile, kijiko kilekile.

Dada anasema ni harufu ya tina vidoleni. Nimeomba ruhusa kazini. Nimeosha kwa sabuni, ndimu, majivu, mchanga, mpaka ngozi imechubuka.

Ijumaa, 3 Mei

Nilidhani nitasaidia kwa kupaka chupa nyeusi, za kuwekea mafuta mapya. Nimezipaka kwa nje, tabaka mbili za rangi. Dada amezinusa, akazitoa uani. Ni kweli, nilishasahau tena kwamba rangi inanuka.

Jumapili, 5 Mei

Tangu zile chupa za Ijumaa sijagusa rangi wala tina. Dada ameninusa mikono, upande huu na ule, anasema hainuki kitu ila ndimu. Nikakaa kitandani. Nikamwambia Mama yote: kwamba sikujua, kwamba pua imekufa, kwamba ile Jumatano sitaisahau mpaka naingia kaburini, na kwamba simwombi anisamehe, namwomba ale kijiko kimoja. Alinitazama muda wote kwa upole. Nilipoinua kijiko, mkono wake wa kushoto ukaenda juu, ukafunika taya.

Si tina.

Jumatatu, 6 Mei

Kilo arobaini na moja na robo. Nesi ameikunja karatasi ya wodini akaitia mkobani. "Hongereni. Endeleeni hivihivi," akasema. Lakini Dada anarudi kwake Jumamosi, nguo za watu zinamsubiri, na Mama Pacha ana mapacha wake wa kulisha mara tatu kwa siku.

Dada hakutaka kulitamka, nikalitamka mimi. Nikamwuliza Mama kama anataka kwenda kwa Dada. "Mm," akasema. Sikuthubutu tena kujidai naijua ni ipi. Nikasubiri. Akanyoosha mkono, akashika upindo wa gauni la Dada, hakuuachia mpaka alipolala.

Jumamosi, 11 Mei

Hakuna mvua. Tumekodi gari, tukatandika godoro nyuma. Nilimbeba mimi, hapo hakukataa. Ni mwepesi kiasi kwamba nilipofika mlangoni sikutaka kumtua. Uso aliuelekeza kwa Dada.

Dada ana kabati la chini, lenye giza. Sikuwa na la kumfundisha. Nilimwambia tu asinunue mengi kwa wakati mmoja.

Jumanne, 14 Mei

Jua. Nimekula mkate.

Jumatatu, 20 Mei

Mchana nilimpigia Dada. Kilo arobaini na tatu. Anakula bakuli zima, anasema, na jana aligonga ubavu wa kitanda kwa mkono wa kushoto kudai jingine. Nesi wa kule ameshangaa. Nilikuwa nimesimama karakana, brashi ya rangi mkononi, na nilifurahi kweli, sitaki mtu aje kusoma hapa aseme sikufurahi. Tangu Machi nimeomba kitu kimoja tu, Mama ale.

"Hata sasa hivi anakula," Dada akasema. "Ngoja nimwekee simu sikioni umsalimie."

Nikamwambia aache. Nikamwambia asimweke simu kabisa akiwa na chakula mbele yake, asije akasikia sauti yangu akafunga mdomo.

Dada hakubisha.